Mbwa Mwenye Pengo

Ilianza na tabasamu. Hakuna aliyeona ugonjwa pale, sote tuliona jeuri. Jumanne saa nne asubuhi Precious karudi kutoka shule peke yake, begi mgongoni, alama za viboko viganjani, na bado anatabasamu. Mwalimu kamwandikia mama karatasi: mtoto wako anamcheka mwalimu mbele ya darasa, akiambiwa aache ndiyo kwanza anazidisha.

"Unacheka nini wewe?" nikamuuliza.

Nyusi juu, mdomo umevutwa huku na huku, lile pengo lake la meno mawili ya juu linaonekana lote. Nikampiga kofi. Si kubwa, kofi la kaka. Machozi yakatoka, yakashuka, yakapita juu ya tabasamu, na tabasamu likabaki palepale. Hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi.

Mimi naitwa Venant. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza fomu foo, matokeo tusiyaongelee, niko tu mtaani kwetu Igoma nazunguka. Precious ni mdogo wangu, alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Baba alishafariki. Mama yetu, Bernadeta, ni Mhaya wa Muleba, mhudumu wa afya wa mtaa, wale wa kujitolea. Kapewa fulana, begi na tochi. Na kazi iliyomtangaza Igoma nzima ilikuwa moja: kuwakataza watu kukata watoto vimeo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni kule nyuma. Mtoto akikohoa sana watu wanasema kimeo kimerefuka, anaitwa fundi, anakikata. Mama alikuwa anaingia nyumba kwa nyumba na tochi yake. "Fungua mdomo, sema aaa." Anammulika mtoto, anamvuta mzazi aone. "Unakiona? Hakina kosa lolote. Kikohozi kinatoka kifuani, hiki unakionea bure. Ukikikata unamfungulia kidonda mahali usipoweza hata kupafunga." Watoto wa mtaa walikuwa wanamwita Mama Aaa. Akipita wanafungua midomo barabara nzima, aaa, aaa, naye anacheka.

Sasa uone nilichofanya.

Siku kumi kabla ya hilo tabasamu, mama alikwenda semina Sengerema, siku tatu, akaniachia Precious anakohoa. "Kikizidi mpeleke zahanati," akaniambia. "Usubiri mpaka aonwe. Venant, umesikia? Usubiri." Alirudia kwa sababu ananijua. Jumamosi ile saa kumi tulikuwa na mechi ya ndondo uwanja wa Nyakato, na mimi ndiye golikipa. Usiku Precious kakohoa mpaka kukacha. Asubuhi nikaifikiria ile foleni ya zahanati, nikampakia kwenye bodaboda, nikampeleka Bujora kwa Bibi Teodora, mama yake baba. Nia yangu nimtue pale nirudi mbio.

Bibi akamsikiliza mara moja tu. "Hiki ni kimeo."

"Bibi, usianze. Mama atanichinja."

"Mama yako kasoma sana. Wewe nilikukata ukiwa na miaka minne, umekufa?"

Na kweli, nilikatwa. Sikufa. Nikatazama saa.

Fundi alikuwa jirani tu, mzee mcheshi, kaja na vyuma vyake vimefungwa kwenye kitambaa: waya uliopindwa na kisu kidogo chenye ncha ya ndoano. Precious nikambana kichwa katikati ya magoti yangu. Akaniangalia kutoka chini, uso juu chini.

"Kaka, inauma?"

"Haiumi. Utakunywa soda."

"Fanta?"

"Fanta."

Fundi akaniambia nimwekee kidole gumba mdomoni pembeni, asije akafunga. Nikaweka. Kile chuma kilipogusa, Precious aliniuma. Aliniuma mpaka nikahisi mfupa, nikapiga kelele kuliko yeye. Fundi akatoa mkono na kile kinyama kwenye ncha, anacheka. "Mtoto hana meno mawili ya mbele na bado kakuzidi!" Akampaka kooni unga mweusi. Precious akatema damu kwenye vumbi, anatetemeka, haniangalii.

Kabla sijaondoka nikachuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Ukimwambia mama, yule mzee atakuja nyumbani usiku akate na ulimi. Umenielewa?"

Akatikisa kichwa, ndiyo. Precious alikuwa anaamini kila ninachomwambia.

Mechi niliwahi. Nilifungwa manne, kidole hakishiki mpira. Mama aliporudi nikamwambia nimekatwa na mfuniko wa kopo la maziwa. Kikohozi kiliisha baada ya siku nne, na mama akanisifu kwamba safari hii nimesubiri foleni.

Basi. Turudi kwenye tabasamu.

Jumanne ile mama alimpeleka zahanati, wakampima malaria, hana, wakampa panadol. Jumatano asubuhi taya likafunga. Mama anamlisha uji, kijiko kinagonga meno, hakiingii. Halafu jirani akabamiza geti, na Precious akakakamaa mwili mzima, mgongo ukainuka, kitandani vimebaki kisogo na visigino tu. Kama upinde. Na usoni anacheka. Mama alimbeba hivyohivyo, mgumu kama ubao, mpaka hospitali kubwa mjini.

Alitupokea daktari kijana, Dokta Rweyemamu, mwembamba, ana kijiti cha meno mdomoni ambacho hakitoi hata akiongea. Alikuwa na maswali huyo jamaa. Ana homa? Kwenye ukoo kuna kifafa? Amekunywa dawa gani? Wakamtoa maji ya uti wa mgongo, yakatoka safi, yanang'aa. "Si homa ya uti wa mgongo," akasema. Kisha akamwuliza mama: "Ana kidonda popote? Msumari, mwiba, chupa?"

"Hana, daktari."

Wakamvua nguo zote. Wakatafuta katikati ya vidole, nyuma ya masikio, kwenye nywele, kitovuni. Hana hata mchubuko. Mdomoni hawakuweza, taya limefunga kama kufuli. Nesi alijaribu kupenyeza kijiti cha mbao, Precious akakiuma, kikavunjika.

"Chanjo?"

Mama akatoa kadi ya kliniki kwenye begi. Ameihifadhi miaka saba ndani ya nailoni, imejaa yote, hakuna kiboksi cheupe. Daktari akaipindua mbele na nyuma. "Kadi nzuri hivi sijapata kuiona."

"Ni kazi yangu, daktari," mama akasema, na hata katika hali ile nikaona amefurahi kidogo.

"Isingekuwa hii kadi ningesema pepopunda," daktari akasema. "Vijidudu vyake vinaingia kwenye kidonda, sumu yake inashika mishipa ya fahamu, misuli inakaza namna hii. Lakini mtoto hana kidonda, chanjo kamaliza. Na kwa mtoto wa umri huu nimeisoma tu, sijaiona."

Nilikuwa nimesimama mguuni mwa kitanda. Nilisikia kila neno. Na nikajiambia, Venant, pepopunda ni misumari yenye kutu. Kimeo wanakatwa watu kibao. Nilikatwa mimi. Si hicho.

Ndipo daktari akanigeukia. "Na wewe kijana, kidole kimefanya nini?"

"Mfuniko wa kopo," mama akajibu kwa niaba yangu.

Daktari akaubandua ule mkanda mchafu. Kidole kimevimba kama nyanya, usaha umejaa. Akakibonyeza pembeni. "Kopo gani hili? Hii ni alama ya jino."

Mama ananiangalia. Precious ananiangalia. Hicho ndicho kitu ambacho sikukijua kuhusu huo ugonjwa: mwili unafungwa, akili inabaki wazi. Alikuwa anasikia kila kitu.

"Mbwa," nikasema.

Kijiti kikatoka mdomoni mwa daktari kwa mara ya kwanza. "Mbwa wa nani?"

"Wa jirani. Wa Mzee Jonathan. Anaitwa Polisi."

"Polisi?" mama akashangaa. "Polisi si hata paka wanamfukuza?"

"Amebadilika, mama. Siku hizi anatoa povu." Povu! Sijui lilitoka wapi. Uongo ukishaanza unajipikia wenyewe.

"Lini?" daktari akauliza.

"Kama siku kumi hivi."

"Na mtoto?"

Nikamtazama Precious. Anatabasamu. "Na yeye alimkwaruza usoni."

"Siku kumi ni mapema mno kwa hili," daktari akasema.

"Yeye ilikuwa zamani, kama mwezi na nusu. Kidonda kilipona haraka, hata mama hakuona."

Daktari akamwita nesi alete maji kwenye kikombe. Kikombe kilipogusa midomo ya Precious, koo likakaza, macho yakatoka, mgongo ukainuka tena. Nesi akarudi nyuma hatua mbili. Siku hizo nilikuwa sijui kwamba mwenye pepopunda naye hamezi maji. Daktari alikuwa anajua, lakini alikuwa na mbwa mkononi sasa, na mbwa ni mimi niliyempa.

Alimtoa mama korido. Nilisikia kupitia mlango. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa. Watampa za usingizi asiteseke sana. Mate yake yana hatari, asiguswe bila glavu. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Siku ngapi?" Daktari akasema wengi hawamalizi wiki. Halafu akaongeza, na hii ndiyo iliyoniingia: "Lakini kuna kitu hakinikai akilini. Kichaa hakifungi taya hivi. Huyo mbwa asiuawe. Afungwe kamba, aonwe na daktari wa mifugo leo hii. Akikutwa mzima baada ya siku kumi hizi, basi si kichaa, na mimi naanza upya kutafuta."

"Venant!" mama akaniita. "Kimbia nyumbani. Mwambie Mzee Jonathan amfunge mbwa. Asiuawe, umesikia?"

Nimesikia. Nimesikia vizuri kuliko alivyotaka. Mbwa akiishi, mimi nimekwisha.

Sikumgusa Polisi, nataka hilo lieleweke. Nilifika Igoma, nikapita kijiweni pale kwa fundi pikipiki, wamejaa washikaji, nikaonyesha kidole, nikasema Precious anakufa kwa kichaa cha mbwa na mbwa mwenyewe ni yule. Basi. Polisi alikuwa amelala getini kwa Mzee Jonathan. Alipotuona akainuka anatikisa mkia, mbwa wa miaka kumi na mbili, nyonga moja mbovu, akaja moja kwa moja kwangu kwa sababu mimi na Precious ndio tuliokuwa tunampa ukoko wa ugali. Jiwe la kwanza lilimpata akiwa bado anatikisa mkia.

Mzee Jonathan katoka na kandambili moja mguuni. Alifanya kazi kiwanda cha pamba miaka thelathini, mkewe amekufa, alikuwa na yule mbwa tu. "Jamani! Jamani, amefanya nini?" Mmoja akamwambia, "Mzee kaa mbali, utaambukizwa." Akaniona mimi. "Venant, baba, waambie. Huyu tangu azaliwe hajauma mtu. Waambie."

"Shikamoo, mzee," nikasema. Hilo ndilo nililomjibu.

Mama nilimwambia nimekuta wameshamuua.

Precious wakamhamishia chumba cha peke yake, pazia jeusi, karatasi mlangoni: KIMYA. Mlio wowote ulikuwa unamkakamaza. Simu ikiita, anapinda. Beseni likianguka korido, anapinda, unasikia meno yanasagana. Mama alikaa kwenye kiti siku nzima, kavaa glavu na barakoa, anamfuta jasho kwa kitambaa kilichoshikwa na vidole vya mpira. Wanakwaya wenzake walikuja kumwombea wakiwa mlangoni, kwa kunong'ona, wakaondoka haraka, wakaenda kunawa.

Mimi nikaanza kuchomwa sindano za kichaa. Nesi aliyenichoma bega akasema, "Wewe una bahati, umewahi. Ungemleta na mdogo wako mapema hivi." Nikasema asante.

Nilijaribu kuingia chumbani. Nilivua viatu, nikatembea kwa ncha za vidole, sikupumua. Macho ya Precious yakageuka, yakanikuta, na mwili ukainuka papo hapo. Nikatoka. Nesi akanifokea kwa kunong'ona: "Wewe kila ukiingia anazidi! Una miguu mizito." Nilikuwa peku, jamani.

Bibi Teodora alikuja Alhamisi. Nikamvuta nyuma ya jengo, pale ndugu wa wagonjwa wanapofulia, ziwa lote liko chini linang'aa kama hakuna kitu kilichotokea duniani.

"Bibi, ni kimeo?"

"Kimeo hakiui."

"Daktari alitaja kidonda."

"Daktari kasema mbwa. Wewe mwenyewe umesema mbwa." Akanishika mkono, yule bibi ana nguvu. "Nyamaza, ng'wanawane, mwanangu. Kichaa hakina dawa, ukisema au usiposema. Sasa useme ili iweje? Mama yako anizuie kuwaona maisha yangu yote?"

Nikaona ana akili. Mtu akitaka kunyamaza, kila anayemwambia nyamaza ana akili.

Ijumaa akaja Mzee Jonathan. Kavaa koti la kanisani, kabeba chupa ya uji. Akapiga magoti korido mbele ya mama yangu, mzee wa miaka sabini na kitu. "Mama Precious, nisamehe. Sikujua kama anaumwa. Nilikuwa nalala naye ndani, sikuona dalili hata moja." Mama hakumtazama. Akasema polepole, "Uji wako nenda ukamwagie kaburi la mbwa wako." Mzee akainuka kwa kushika ukuta. Alipopita mbele yangu akasimama, akaangalia bandeji yangu. "Pole, mwanangu," akasema. "Inauma?"

Jumamosi ilikuwa sindano yangu ya pili. Daktari Rweyemamu akasema kidonda atakisafisha yeye. Alinikalisha kwenye stuli, kijiti mdomoni, akafungua bandeji. Siku tatu za dawa na uvimbe umekwisha. Kidole kimerudi kuwa kidole, na zile alama zimejitokeza wazi, nyekundu. Akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nikasikia kijiti kinavunjika mdomoni mwake.

"Mbwa ana meno manne marefu," akasema kama anajisemea. "Yanatoboa. Yanaacha mashimo. Hapa hakuna shimo. Hapa kuna mstari wa meno mapana, madogo madogo. Chini mstari umejaa." Akageuza kidole. "Juu, pembeni yapo. Katikati hakuna kitu."

Akatema vipande vya kijiti.

"Simama. Njoo."

Alinishika kiwiko, akaniingiza chumba cha Precious. Mama kwenye kiti. Precious kwenye tabasamu lake, midomo imejivuta, meno yote nje, hayawezi kujificha. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umemfungua mdomo kwa mbele huku umemfunga kwa nyuma. Daktari akaninyanyua mkono taratibu, akaleta kidole changu karibu na yale meno, sentimita chache tu. Mstari kwa mstari. Pengo kwa pengo.

Akaninong'oneza sikioni, "Huyo mbwa wenu ana pengo?"

Mama akainuka kwenye kiti. Akatazama kidole, akatazama meno, akanitazama.

"Kidole chako kilifuata nini mdomoni mwake?" daktari akauliza, bado kwa kunong'ona.

Basi nikasema. Nikasema yote kwa sauti ile ndogo, Bujora, fundi, waya, Fanta, ulimi, Polisi. Precious ananisikiliza, hakukakamaa hata mara moja. Ilikuwa mara ya kwanza naingia chumba kile na mwili wake ukatulia.

Daktari hakusubiri nimalize. Alitoka anakimbia peku ili viatu visilie, nikamsikia mbali kule anaita majina ya dawa. Mama alibaki. Akavua glavu, moja, halafu ya pili, akaziweka kitandani. Akashusha barakoa. Akaweka kiganja kitupu kwenye paji la uso la Precious, akainama akambusu juu ya nyusi, akabaki hivyo.

"Siku tatu," akanong'ona bila kuinua kichwa. "Siku tatu nimemshika mwanangu kwa mpira."

"Mama..."

"Nimeingia nyumba ngapi na ile tochi, Venant? Wangapi nimewafungua midomo? Wa kwangu sikumfungua. Nilisema wangu yuko na kaka yake."

"Mama nisamehe."

"Nyamaza. Nataka kupiga kelele. Unaniona? Nataka nipige kelele mpaka hii nyumba ianguke, na siwezi, kwa sababu nikipiga namuua." Mishipa ya shingo imemsimama, sauti haizidi ya mtu anayesali. "Toka. Toka kabla sijashindwa kujizuia."

Wakampa dawa ya kulegeza, taya likaachia kidogo, wakamulika. Kule nyuma kidonda kipo, cheusi, kinanuka. Wakakisafisha. Wakampa na dawa ya kuzima sumu ya pepopunda, ilitafutwa ikapatikana siku hiyohiyo, haikuwa kitu adimu, ilikuwa kwenye friji ya jengo la jirani. Daktari alinikuta kwenye benchi la nje, akasimama mbele yangu bila kijiti.

"Nikueleze uelewe," akasema. "Zile chanjo za utotoni nguvu yake hupungua mtoto akikua. Hii dawa inazima sumu inayoelea kwenye damu. Ile iliyokwisha kukamata mishipa ya fahamu haing'oki, tunasubiri mwili uimalize wenyewe, ukiweza. Jumatano nyingi ilikuwa bado inaelea."

"Atapona?"

"Jumatano ningekujibu." Akaondoka.

Mama aliwaambia wauguzi nisiingie. Bibi alirudi Bujora bila kuaga. Nikakaa kwenye lile benchi chini ya dirisha la chumba chao, Jumamosi, Jumapili, naangalia mawe na ziwa na watu wanaoanika kanga. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa, pazia limeshushwa, na ndani kimya. Nikaanza kuupenda ule ukimya. Nikajua maana yake: mama ananyamaza, basi kuna mtu wa kunyamaziwa. Kila akipita daktari nilikuwa namwangalia usoni, naye anasema neno moja, "Bado," au "Mapigo yanarukaruka," anapita.

Na hili nalo nitalisema. Kuna saa pale kwenye benchi, katikati ya kumwomba Mungu Precious apone, niliwaza akipona taya litafunguka, na la kwanza atakalosema litakuwa juu yangu. Nikaogopa. Haikuwa muda mrefu. Lakini niliogopa, na Mungu alikuwa anasikiliza maombi yote mawili.

Jumatatu asubuhi, kama saa tatu, mhudumu alidondosha ndoo ya chuma pale korido. Ilibingirika ngazi nzima, kla kla kla. Nikasimama. Nikasubiri. Ndani kimya. Nikashukuru. Nikakaa tena. Nesi mmoja akapita anatembea haraka, halafu wa pili, halafu daktari, na huyo safari hii alikuwa na viatu na viatu vilikuwa vinalia kwenye sakafu na hakujali.

Kisha mama akapiga kelele.

Alipiga kelele kwa sauti yake yote, ile aliyoifunga tangu Jumatano, watu wakaacha kufua, kunguru wakaruka juu ya paa. Hakuwa na sababu tena ya kunong'ona. Na neno alilokuwa analipiga, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, halikuwa Precious. Lilikuwa jina langu.